Kutafuta mtoto: Kwa nini mume na mke wapimwe pamoja?

Mjini Busiu, kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale mashariki mwa Uganda, kama kwingineko Afrika Mashariki, ndoa ikikosa mtoto mke ndiye hulaumiwa kwanza. Kitabibu, chanzo chaweza kuwa kwa mume, kwa mke au kwa wote wawili.

Katika mzunguko wa hedhi wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14 na haliishi zaidi ya saa 24, ilhali mbegu za kiume huweza kudumu siku 5. Hivyo, siku chache kabla ya yai kutoka ndizo zenye matumaini zaidi.

Kisonono na klamidia visipotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi. Mwaka ukipita bila mimba, au miezi 6 iwapo mke amevuka miaka 35, wote wawili wanashauriwa kupimwa.