Tovuti bila malipo ya kila mwaka: kivinjari peke yake kinatosha

Shirika dogo la Bukavu au duka la Lubumbashi likitaka tovuti, kwa kawaida hulipa fundi wa kuitengeneza, kisha hulipa kila mwaka ili ibaki hewani. Mwaka pesa zikikosekana, tovuti inazimika, na mara nyingi maandishi yake yanapotea pia.

Kuna njia nyingine, isiyodai kuweka programu yoyote kwenye kompyuta. Tangu mwaka 2008, GitHub, kampuni ya Marekani iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2018, inatoa bure huduma ya GitHub Pages. Mtu anafungua akaunti ndani ya kivinjari, anaunda hifadhi yenye jina la akaunti yake likifuatwa na github.io, kisha anaandika faili liitwalo index.html. Alama ya kalamu inafungua faili, kitufe cha kijani kinalihifadhi, na baada ya dakika chache ukurasa unaonekana. Vitufe vyote ni vya Kiingereza, si Kifaransa wala Kiswahili, na hilo linaudhi. Ukurasa wenyewe unaweza kuandikwa kwa lugha yoyote.

Kurasa hizi huitwa tuli: msomaji anapokea faili jinsi lilivyoandikwa, bila hifadhidata nyuma yake. Tovuti ya kwanza duniani, ya Tim Berners-Lee huko CERN, ilikuwa hivyo hivyo.

Kwa Kongo, faida kubwa iko kwenye uzito. Ukurasa wa maandishi matupu unaweza kuwa na kilobaiti 20, wakati kurasa nyingi za leo zinapita megabaiti 2. Anayelipa mega hizo ni msomaji. Tena faili la aina hii linahifadhiwa kwenye simu na kupitishwa kwa Bluetooth, jambo ambalo lingewafaa wengi intaneti ilipokatwa nchini tangu Desemba 31, 2018, kwa takriban siku 20.

Tovuti isizidi gigabaiti 1, na huduma hii haikukusudiwa kwa maduka ya kuuza mtandaoni. Lakini hatari kubwa iko kwingine. Kwa akaunti ya bure, hifadhi lazima iwe wazi kwa wote, pamoja na matoleo yake ya zamani. Jina la mhanga au namba ya simu ya shahidi iliyofutwa leo inabaki kwenye historia ya faili. Shirika linaweza kufuta hifadhi nzima na kuanza upya, ila aliyekwisha kunakili ameshanakili.