Buleti za nyama na tambi za mchele: chungu kisicho na ngano

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, umezoea kusoma hapa habari za kofia, viatu na mitambo. Leo tunaingia jikoni, kwani kuna hatari ingine inayokaa ndani ya sahani.

Kuna watu ambao ngano ni adui wa tumbo lao. Waganga wanauita ugonjwa huo seliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna kitu kinachoitwa gluteni. Kwa mwenye seliaki, gluteni ikiingia, askari wa mwili wanageuka na kushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Utumbo ukiharibika, chakula kinapita bure. Mtoto hakui vizuri. Mtu mzima anakonda, anaharisha, anapungukiwa damu, anachoka. Fikiri mtu wa namna hiyo akiendesha kamioni kubwa zamu ya usiku! Dicke, mganga wa Uholanzi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1950 kwamba ngano ndiyo inayodhuru. Dawa mpaka leo ni moja: kuacha gluteni maisha yote. Moto hauiui.

Lakini usiache ngano kwa kukisia. Kuharisha kuna sababu nyingi, amiba na minyoo ni baadhi yake. Nenda hospitali wapime damu wakati ungali unakula mkate. Ukiuacha mbele ya kipimo, damu inaweza kudanganya.

Bukari ya mahindi au ya muhogo haina gluteni, ikiwa mashine ya kusaga haikupitisha ngano. Mchele pia ni salama. Taabu ni mkate, mandazi, spageti na bia ya shayiri. Je, mtoto mgonjwa akilia kwa ajili ya spageti? Hapo Wavietnam wanatusaidia. Mjini Hanoi wanakula bún chả: buleti za nguruwe zilizochomwa juu ya makala, tambi za mchele, majani mabichi na mchuzi wa samaki. Mbabula na makala unayo tayari!

Kwa watu watano, chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga, ya nguruwe au ya ng'ombe. Katakata kitunguu, vitunguu saumu viwili na tangawizi kidogo. Tia yai, chumvi na vijiko viwili vya wali uliopondwa. Wengi hutia mkate hapo, na huo ndio mtego wa kwanza. Fanya buleti ndogo, kiasi cha ndimu ndogo, kisha uzikaange kwa mafuta mapya, siyo yale ya mandazi. Zigeuze kwa dakika kumi na mbili hivi. Pasua ile kubwa kuliko zote: ikiwa nyekundu ndani, rudisha motoni. Nyama ya kusaga isiyoiva ni hatari kwa kila mtu, mzima na mgonjwa.

Wakati huo loweka gramu 400 za tambi nyembamba za mchele katika maji yaliyochemka, mpaka zilainike, kisha uzimwage maji. Usitumie chujio la spageti; unga hukaa katika matundu yake.

Mchuzi ni vijiko vitatu vya mchuzi wa samaki, ndimu mbili, vijiko viwili vya sukari, kikombe cha maji ya moto na pilipili. Usipoupata, chumvi na ndimu zinatosha. Ladha itapungua, lakini watoto hawatalalamika. Usikimbilie mchuzi mweusi wa soya. Soya haina neno, ila viwanda vingi huichanganya na ngano. Huo ni mtego wa pili, na umenasa hata wapishi hodari. Soma kila chupa, na kila kibe cha supu pia: ukiona blé, orge au seigle, iache dukani.

Gawa tambi, weka buleti juu, na majani ya mnanaa au saladi yaliyooshwa vizuri. Nusu saa, watu wanakula. Na nyumba nzima ile chungu hicho kimoja. Kumpikia mtoto peke yake kunamfanya aone haya, naye ataomba mkate kwa jirani.

Kwa gamela ya kesho, beba mchuzi mbali na tambi, la sivyo zitavimba. Buleti zipashwe mpaka ziwe moto hadi ndani.