Bouvet: Ngome ya chuma iliyozama kwa dakika mbili

WAHENGA walinena kwamba mdharau mwiba guu huota tende. Ukweli wa usemi huo ulidhihirika mnamo Machi 18, 1915, manowari ya Ufaransa kwa jina Bouvet ilipozamishwa na bomu lililotegwa majini.

Bouvet iliundwa mjini Lorient, magharibi mwa Ufaransa, na kushushwa baharini mwaka wa 1896. Uzito wake ulikaribia tani 12,000, na kiuno chake kilikingwa kwa mabamba ya chuma yenye unene wa hadi milimita 400. Mizinga yake mikubwa minne ilipangwa mmoja mbele, mmoja nyuma, na mmoja katika kila ubavu.

Ili mizinga ya ubavuni iweze kulenga mbele na nyuma, mafundi waliifanya meli hiyo kuwa pana penye usawa wa maji na nyembamba kuelekea juu, mithili ya mtungi unaokaza shingoni. Umbo hilo lilikuwa na kasoro. Kwa kawaida, meli inayoinama husaidiwa na upana wa ubavu wake kusimama tena wima. Ile ambayo mbavu zake zimeegemea ndani hupoteza msaada huo kadiri inavyozidi kulala.

Uingereza ilipozindua manowari Dreadnought mwaka wa 1906, ikiwa na mizinga mikubwa 10, Bouvet ilikuwa tayari imepitwa na wakati. Hata hivyo, Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto, Uingereza na Ufaransa zilituma manowari kuukuu kulazimisha njia katika mlangobahari wa Dardanelles, unaoelekea Istanbul. Hasara ya meli hizo ilionekana kuwa ya kustahimilika, ingawa kila moja ilibeba mamia ya watu.

Siku 10 awali, meli ndogo ya Uthmania, Nusret, ilikuwa imetega mabomu kimyakimya sambamba na ufuo, mahali manowari hizo zilipozoea kugeukia. Bouvet ilipokuwa ikiondoka, ililigonga moja. Kwa muda wa dakika mbili hivi ilipinduka na kuzama. Mabaharia zaidi ya 600 waliangamia pamoja na kamanda wao, Rageot de la Touche. Walionusurika hawakufika 100.

Manowari mbili za Uingereza, Irresistible na Ocean, zilipotea siku iyo hiyo. Jaribio la kupita kwa meli pekee likaachwa, na Aprili 25 wanajeshi wakashushwa Gallipoli.

Mabamba mazito ya Bouvet yalikusudiwa kuzuia makombora ya mizinga. Bomu lililoiangamiza liliipiga chini ya maji, ambako kinga yake ilikuwa hafifu.