Kisado au Kilo? Kununua Dagaa wa Mwanza kwa Simu

Chukua matangazo mawili ya mfano. La kwanza: "Dagaa watamu sana, kisado 10,000, tunatuma mikoa yote." La pili: "Dagaa wa chanja, wametolewa vichwa, kilo 15,000, nauli ya basi mpaka Dodoma imo."

Wengi watakimbilia la kwanza. Lakini kisado hupima ujazo, na uzito unaoupata hutegemea ukavu wa dagaa na mkono wa anayepima. Tuseme kimetoa gramu 800: kilo imeshafika 12,500. Ukiongeza nauli ya 4,000, umelipa 14,000 kwa gramu hizo 800, yaani 17,500 kwa kilo. Na kama walianikwa chini ufukweni, sehemu ya uzito huo ni mchanga. Waliokauka juu ya chanja huwa safi zaidi, kwa hiyo neno "chanja" ndani ya tangazo lina thamani ya pesa kabisa. "Watamu sana" halina, maana kila muuzaji anaweza kuliandika.

Tangu Jumia ilipofunga shughuli zake Tanzania, Novemba 2019, wauzaji wengi wadogo wanategemea WhatsApp, Instagram na Facebook, na mitandao hiyo haiwalazimishi kutaja uzito wala bei. Ndiyo maana "bei inbox" imezagaa. Mimi naipita. Mteja wa Dodoma anayelinganisha wauzaji watano hana muda wa kumsubiri kila mmoja ajibu.

Kwa muuzaji wa Kirumba, jijini Mwanza, machaguo ni haya. Status ni bure, ila hufutika baada ya saa 24. Katalogi ya WhatsApp Business nayo ni bure, na maelezo hubaki mpaka uyabadilishe, hivyo ningeanzia hapo. Tangazo la kulipia litaleta watu wengi zaidi kusoma maelezo yaleyale, kwa hiyo kama maelezo ni mabovu, umelipia watu waje waondoke. Pesa ya kwanza inunue mzani. Bila mzani huwezi kuandika "gramu 500" ukaisimamia.

Mstari wa kwanza ubebe bidhaa, uzito na bei, kwa kuwa simu mara nyingi huonyesha maneno machache tu kabla ya kubonyeza. Chini yake weka namna walivyokaushwa, nauli kwa kila mkoa, na nani anabeba hasara wakifika na unyevu. Picha iwe ya mzigo wako mwenyewe, dagaa wakiwa kwenye kiganja ili ukubwa uonekane.

Andika pia bei hiyo inaisha lini, maana hubadilika kufuata uvuvi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika na mzigo hupungua. Mnunuzi anayetaka kilo nyingi aulize kabla ya mwezi mpevu, na katika masika, mvua zikizuia kuanika, aulize kwanza walikaushwa siku ngapi.