KUMLEA MHASIBU MWANAGENZI KATIKA CHAMA CHA MSINGI

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Lakini daftari nalo halijiandiki. Katika vyama vya msingi vya Inyonga, ambako tumbaku na asali huwatia wanachama fedha mkononi, aghalabu vitabu vyote humtegemea mtu mmoja. Mtu huyo akihama au akifariki, chama hubaki na kabati lililojaa karatasi, na hakuna awezaye kumweleza mkulima deni lake la mbolea limefikia wapi. Kwa hiyo hapana budi kila chama kiwe na mhasibu mwanagenzi, na kila mhasibu aihesabu kazi ya kumlea mwenzake kuwa sehemu ya ajira yake.

Jambo hili si geni nchini mwetu. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika ili kuwafikia makatibu na wanakamati huko huko waliko, pamoja na masomo kwa njia ya posta. Tangu mwaka 2014 chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Hata hivyo, Moshi ni mbali na Inyonga. Tena darasa hufundisha kanuni, bali mkono hufundishwa na kazi.

Hatua ya kwanza: karatasi

Kwa miezi ya mwanzo mwanagenzi asiguse leja. Apange stakabadhi, hati za malipo na hati za mauzo kwa tarehe na kwa namba, mpaka azoee kwamba kila tarakimu ina karatasi yake. Namba ikikosekana katikati ya kitabu cha stakabadhi, aulize ilikokwenda. Swali hilo dogo ndilo mwanzo wa ukaguzi.

Hatua ya pili: leja ya mkulima

Tumbaku yetu huuzwa kwa bei ya dola, na mkulima huhesabu kwa shilingi. Tuseme mwanachama ameuza kilo 200 kwa wastani wa dola 2 kwa kilo. Hizo ni dola 400. Ikiwa dola moja ni shilingi 2,500, mauzo yake ni shilingi 1,000,000. Akikatwa 350,000 za pembejeo na 20,000 za ushuru wa chama, anastahili 630,000. Mwanagenzi aiandike hesabu hii, kisha amweleze mwanachama kwa mdomo hatua kwa hatua. Asiyeweza kuieleza hesabu bado hajaijua. Tena aandike kwa namba ya uanachama, wala asitegemee jina peke yake, maana majina hufanana, na mtu asiyekopa aweza kubebeshwa deni la mwenzake.

Hatua ya tatu: urari

Urari usipolingana, mlezi asikimbilie kumwonyesha mwanagenzi kosa. Amfundishe kulitafuta. Kwanza, tofauti igawanywe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, yaelekea tarakimu mbili zimepinduliwa. Mathalani, 630,000 ikiandikwa 360,000, tofauti ni 270,000, nayo hugawanyika kwa 9. Pili, tofauti igawanywe kwa 2, kisha nusu hiyo itafutwe katika vitabu. Huenda kiasi hicho kimeingizwa upande usio wake. Kila mwisho wa mwezi daftari la fedha lilinganishwe na taarifa ya benki, na mwanagenzi aifanye kazi hiyo mwenyewe huku mlezi akitazama.

Siku hizi taarifa za vyama huingizwa pia katika mfumo wa kompyuta wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, uitwao MUVU. Mashine hujumlisha upesi, lakini haijui kama robota lilipimwa kwa haki. Kwa sababu hiyo mafunzo ya karatasi na leja yangali na thamani yake.

Mambo ya kuepuka

Mwanagenzi asishike ufunguo wa sanduku la fedha na papo hapo akaandika vitabu. Asitiwe sahihi katika hati tupu kwa sababu tu yeye ni mdogo na anaogopa kukataa. Kijana aliyezoezwa kutia sahihi asichokiona hufundishwa wizi kabla ya kufundishwa hesabu, na upotevu ukigunduliwa, yeye ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Mlezi mwema humwambia tangu siku ya kwanza kwamba anayo haki ya kudai karatasi, hata kwa mwenyekiti.

Wajibu wa bodi

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka. Mkaguzi afikapo, awe wa COASCO, shirika lililoundwa mwaka 1982, au mwingine aliyeidhinishwa, bodi imruhusu mwanagenzi kuketi naye na kuzisikia hoja zote. Posho yake iwekwe katika makisio ya mwaka, na maendeleo yake yaandikwe katika muhtasari wa vikao.

Ndugu Makatibu, mhasibu hodari ni yule ambaye, akiondoka leo, kesho dirisha la chama hufunguliwa na mwanachama hujibiwa. Katika mkutano mkuu ujao, kila mwanachama na aulize: baada ya mhasibu wetu, ni nani mwingine azijuaye hesabu zetu?