Bangi Haiponyi Baridi Yabisi

Je, asubuhi vidole vyako huuma hata kushika jembe huwezi? Huenda ni baridi yabisi.

Wengine watakuambia uvute bangi. Ni kweli, Kanada iliruhusu bangi kwa wagonjwa mwaka 2001, kwa idhini ya daktari. Hapa Tanzania sheria inaikataza. Tena bangi huenda ikapunguza maumivu, lakini haizuii ugonjwa kula viungo.

Viungo vikivimba, na vikikaza zaidi ya nusu saa kila asubuhi, usingoje. Nenda zahanati upate njia ya kufika hospitali. Dawa za kuzuia ugonjwa huu zipo. Nyumbani, kanda viungo kwa maji ya uvuguvugu.

Ukichelewa vidole hupinda. Kuvinyoosha tena ni kazi ngumu.