Ni Nani Ameshindwa Dhoruba Inapovuma?

Triathloni ni mchezo ambao haujatia mizizi mirefu katika shule na vyuo vyetu, na hata jina lake lingali na harufu ya ugeni. Asili yake ni Kigiriki: tri ni tatu, na athlon ni shindano. Mshindani huogelea, akatoka majini akapanda baiskeli, kisha akamalizia kwa mbio za miguu, saa ikimhesabia hata anapofunga kamba za viatu. Tangu mchezo huu uingizwe katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, masafa yake huko ni kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za mbio. Yako masafa marefu kuliko hayo, yaani kilomita 3.8 majini, 180 juu ya baiskeli na 42 na ushei kwa miguu. Anayeyamaliza hayo huitwa mtu wa chuma. Jina hili lina nguvu ya ajabu juu ya watu, hasa hali ya hewa inapochafuka.

Lilizaliwa katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. John Collins, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, pamoja na mkewe Judy, walitaka kuumaliza ubishi wa siku nyingi kuhusu ni nani mwenye siha zaidi kati ya waogeleaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Wakayaunganisha mashindano matatu ya kisiwani humo yakawa moja, na ikakubaliwa kwamba atakayetangulia ataitwa mtu wa chuma. Mnamo Februari 18, 1978, watu 15 waliingia majini, nao 12 wakafika mwisho.

Mwaka uliofuata ndio unaonihusu. Mashindano yalipangiwa Jumamosi, Januari 13, 1979. Dhoruba ikapiga, bahari ya Waikiki ikaumuka, na Collins akayaahirisha hadi Jumapili. Jumapili upepo ulikuwa haujatulia. Hata hivyo watu 15 walijitosa, na kwa mara nyingine 12 wakamaliza. Aliyeshinda ni Tom Warren, mwenye baa kutoka San Diego, kwa muda wa saa 11, dakika 15 na sekunde 56. Wa tano kati ya wote alikuwa Lyn Lemaire, mwanamke pekee katika kundi lile. Mwandishi Barry McDermott wa jarida la Sports Illustrated, ambaye alikuwa amekwenda Hawaii kwa ajili ya gofu, aliandika makala ndefu juu ya siku hiyo, na kwa makala hiyo mchezo ukajulikana Marekani nzima. Waama, ulimwengu uliitambua triathloni kwa kupitia kisa cha dhoruba. Tangu hapo dhoruba ikawa kama pambo la mchezo: kadiri upepo ulivyo mkali, ndivyo simulizi inavyonoga.

Lakini upepo si pambo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo wake huongezeka mara nne. Mwendesha baiskeli anayepigwa ubavuni husukumwa hadi katikati ya barabara kabla hajapata nafasi ya kufikiri, na gurudumu lililozibwa pande zote, ambalo humpa kasi siku ya shwari, humgeukia likawa tanga. Mashindano ya Hawaii yalihamishiwa kisiwa kikubwa, mjini Kona, mwaka 1981. Njia yake hupita penye pepo ambazo wenyeji huziita mumuku, zishukazo kwa kishindo kutoka katika uwazi ulio kati ya milima. Ndiyo sababu magurudumu ya aina hiyo yamepigwa marufuku huko.

Bahari nayo ina tabia ambayo wavuvi wetu wa pwani waijua bila kufundishwa darasani. Upepo ukikatika, mawimbi hayakatiki papo hapo. Yaliyokwisha kuumbwa mbali huendelea kusafiri na kupasuka ufuoni siku moja au zaidi, juu kukiwa na jua na mbingu safi. Msimu wa kusi kali unapofika, mvuvi mwenye ngalawa ndogo haulizi iwapo mvua imekwisha. Huyatazama maji yenyewe.

Nayasema haya nikikumbuka mji wa Youghal, kusini mwa Ireland. Mnamo Agosti 2023 kimbunga kilichopewa jina Betty kiliipiga nchi hiyo, na triathloni iliyokuwa ifanyike huko Jumamosi ikaahirishwa hadi Jumapili, Agosti 20, kama ilivyokuwa kule Oahu miaka 44 kabla. Sehemu ya kuogelea ilifupishwa. Hata hivyo wanaume wawili walifariki baada ya kuingia baharini. Chama cha triathloni cha nchi hiyo kilisema baadaye kwamba maofisa wake waliyakagua maji na hakikuweza kuidhinisha shindano. Waandaaji nao walikuwa na maelezo yao kuhusu ni lini waliarifiwa. Sina haja ya kuwa hakimu kati yao. Ninalolitaja ni hili: siku moja ya kungoja ilihesabiwa kwa kalenda, ilhali bahari haina kalenda.

Msomaji atauliza: kwani washindani hawakuwa na macho? Hapa lugha yetu inatufumbua. Kiswahili kina neno moja, kushindwa, kwa mambo mawili yaliyo mbali sana. Aliyepitwa na mwenzake ameshindwa, na asiyeweza kubeba gunia la kilo 90 ameshindwa. Basi anayeyatazama mawimbi akarudi kuvaa nguo zake, yeye naye twasema ameshindwa, ingawa hajashindana na mtu yeyote. Tendo la busara tumelivika nguo ya aibu. Ongeza juu ya hayo miezi ya mazoezi, nauli, ada iliyokwisha kulipwa na jamaa waliopanga mstari ufuoni kushangilia. Mtu huyo mwaweza kumwambia kwamba uamuzi ni wake. Kwa hakika alikwisha kunyang'anywa uamuzi huo kitambo. Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Twaikariri methali hiyo darasani, kisha tukifika uwanjani twaiacha langoni.

Wala ustadi si ngao. Mnamo Mei 22, 2021, katika mkoa wa Gansu nchini Uchina, upepo mkali, mvua ya baridi na barafu viliwakuta milimani wakimbiaji 172 wa mbio za kilomita 100. Nguo za kukinga baridi hazikuwa miongoni mwa vifaa vya lazima. Watu 21 walikufa, mmoja wao akiwa Liang Jing, bingwa mwenye sifa kubwa nchini mwake. Mchungaji mmoja wa kondoo aliokoa sita kwa kuwaingiza pangoni alimokuwa amejisitiri. Huyo hakuwa na nambari kifuani.

Kwa hiyo jukumu ni la mwenye kipenga, na katika shule zetu mwenye kipenga ni mwalimu. Fainali ya wilaya ikikaribia, wageni wamekwisha kuketi na wingu jeusi linapanda kutoka upande wa ziwa, ni yeye anayepaswa kutamka neno ambalo mtoto wa miaka 16 hawezi kulitamka mbele ya wenzake. Kipimo cha radi ni rahisi: hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, na kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Kanuni inayofuatwa katika michezo mingi ni kuondoa watu uwanjani sekunde zikiwa 30 au chini, na kutowarudisha mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Nusu saa tu, wala hakuna atakayeandikiwa kushindwa.

Mwaka 1980 mashindano ya Oahu yalirudi, safari hii yakiwa na washindani 108 na kamera za televisheni. Bahari ya Waikiki ilikuwa imechafuka tena. Kuogelea kukahamishiwa Ala Moana, penye maji yaliyotulia nyuma ya miamba. Dave Scott akashinda kwa saa 9, dakika 24 na sekunde 33, karibu saa mbili chini ya muda wa Warren, naye akaitwa mtu wa chuma kama wenzake.